Kuhifadhi Muziki wa Gemu za Zamani na Kaseti: Dalili za Matatizo na Vyanzo Vyake

Sanduku la mtu anayekusanya vitu hivi, awe Tabora au Kigoma, kwa kawaida huwa na mchanganyiko: kaseti za gemu zenye picha isiyolingana na gemu iliyomo ndani, diski za PlayStation zilizoandikwa majina kwa kalamu, kaseti za muziki wa dansi za wazee wa nyumba, na flashi ambayo hakuna anayekumbuka ilijazwa lini. Vitu hivyo vinapohamishiwa kwenye kompyuta kasoro hujitokeza, na hapo ndipo uharibifu mkubwa zaidi hufanyika, kwa sababu mtu hukimbilia kurekebisha faili kabla hajajua kasoro imetoka wapi. Pengine sauti anayoiona mbovu ndiyo sauti halisi ya mashine iliyokuwa ikichezwa mtaani kwake.

Kabla ya kugusa chochote, tenganisha hatua nne ambazo sauti hupitia: chombo chenyewe, yaani kaseti au diski, mashine inayokichezesha, waya na tundu la kurekodia, na mwisho faili. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha usikilize tena. Ukibadilisha kaseti na waya kwa pamoja na tatizo likaondoka, hutajua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichokuwa chanzo. Ieleweke pia kwamba maelezo haya yanahusu kutunza. Kuuza nakala za muziki wenye hakimiliki ni jambo lingine, na halimo humu.

Picha inaonekana lakini sauti haipo

Tatizo hili huwapata zaidi wenye mashine zilizoenea kwetu miaka ya 1990, baada ya vituo binafsi vya televisheni kuanza Tanzania Bara mwaka 1994 na seti kuongezeka majumbani. Nyingi kati yake ni mashine za kuiga Famicom, mashine ya gemu ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983, na kaseti zake zina pini 60. Wengi hawafahamu kwamba katika Famicom sauti haiendi moja kwa moja kutoka kwenye chipu hadi kwenye televisheni. Hutoka kwenye mashine kupitia pini ya 45, huingia ndani ya kaseti, kisha hurudi kwenye mashine kupitia pini ya 46. Mpangilio huo uliwekwa makusudi ili kaseti yenye chipu yake ya sauti iweze kuchanganya sauti hiyo na ile ya mashine. Kaseti isiyo na chipu ya ziada huunganisha tu pini hizo mbili. Kwa hiyo pini hizo zikichafuka, gemu inaweza kucheza bila hitilafu yoyote ya picha huku ikiwa bubu kabisa.

Ni rahisi kuzipata. Safu ya pili ya pini huanzia 31 na kuishia 60, hivyo ya 45 na ya 46 ni ya kumi na tano na ya kumi na sita, katikati kabisa ya safu. Shika kaseti karibu na dirisha na uiinamishe mpaka mwanga uteleze juu ya pini. Pini safi hung'aa kwa urefu wake wote na huonyesha mstari mwembamba mahali inapogusana na mashine. Kwenye kaseti zilizokaa miaka mingi Ujiji au Kibirizi, karibu na ziwa, tarajia kuona kutu ya kijani ikianzia kwenye kingo. Kwenye zile za Tabora shida ya kawaida ni vumbi laini lililogandamana na mafuta ya vidole. Futa kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ukivuta kuelekea nje, kisha uache ikauke. Spiriti ya rangi inayouzwa madukani huacha utando, na kifutio cha penseli kitumike pale tu kutu inapokataa kutoka, kwa mkono mwepesi, kwa sababu hukwangua tabaka la juu la pini. Kuhusu kupuliza, ambako sote tulikuzoea, mvuke wa pumzi ndio unaolisha kutu hiyo ya kijani, na Nintendo wenyewe waliwakataza wateja wao kufanya hivyo.

Ikiwa kaseti zote ni bubu, acha kaseti na urudi kwenye mashine: jaribu waya mwingine wa sauti, safisha pini za ndani ya tundu la kaseti, na uangalie adapta. Famicom halisi hutumia volti 10 na upande wa hasi uko katikati ya jeki, lakini mashine za kuiga hutofautiana, na adapta iliyochukuliwa kwenye redio inaweza kuwa na chanya katikati. Soma mchoro mdogo ulio kwenye adapta na ulio nyuma ya mashine kabla ya kuchomeka. Kosa hilo huunguza mashine.

Muziki unakwenda taratibu, au sauti si ile inayosikika mtandaoni

Hapa ndipo mabishano ni mengi. Mtu amerekodi gemu kutoka kwenye mashine yake ya Isevya, akailinganisha na rekodi iliyotoka Japani, akaona yake inajikokota, na mara moja anafungua Audacity, programu ya kuhariri sauti, na kuiongezea kasi. Asifanye hivyo mpaka apime mambo mawili, kila moja kwa nafasi yake: mwendo wa muziki, na kimo cha sauti, yaani ni ya juu au ya chini kiasi gani.

Katika gemu nyingi za Famicom muziki huongozwa na picha. Kila mara picha mpya inapochorwa kwenye televisheni, programu ya gemu husogeza muziki hatua moja. Mashine za Japani na Marekani huchora picha takriban 60 kwa sekunde, wakati zile zilizotengenezwa kwa televisheni za mfumo wa PAL, ambazo ndizo zilizotumika Tanzania, huchora 50. Kipande kinachomalizika kwa sekunde 60 kule, hapa huchukua sekunde 72 hivi. Kimo cha sauti hufuata kitu kingine, nacho ni saa ya chipu. Kwenye mashine ya Nintendo iliyouzwa Ulaya saa hiyo ni megahezi 1.66 badala ya 1.79 ya Japani, hivyo gemu ambayo haikurekebishwa kwa soko la Ulaya hushuka pia kwa zaidi kidogo ya nusu toni. Watengenezaji wa mashine nyingi za kuiga walichagua saa ya megahezi 1.77, na kwa sababu hiyo kimo hubaki karibu sawa na cha Japani ingawa mwendo umepungua.

Ukishapima, chanzo hujitaja chenyewe. Mwendo ukiwa umepungua kwa moja ya sita na kimo kikiwa palepale, rekodi yako haina kasoro: umerekodi mashine ya kuiga ya PAL, na hivyo ndivyo ilivyolia sebuleni. Mwendo ukipungua kwa kiasi hicho na kimo kikishuka kwa nusu toni na ushei, mashine ni ya Ulaya au programu inayocheza faili imewekwa kwenye mpangilio wa Ulaya, jambo ambalo hubadilishwa kwenye mipangilio. Lakini mwendo na kimo vikishuka pamoja kwa uwiano uleule, kiasi kwamba muziki uliochelewa kwa moja ya sita umeshuka pia toni moja na nusu, kosa limefanyika baada ya sauti kutoka kwenye mashine. Upungufu wa asilimia 8 hivi kwa vyote viwili humaanisha karibu kila mara kwamba faili iliyorekodiwa kwa kilohezi 48 inachezwa kana kwamba ni ya 44.1. Hilo ndilo la kurekebisha, na hurekebishwa kwa kuiambia programu kiwango sahihi bila kunyoosha wala kukaza sauti.

Kuna tofauti nyingine ambayo haihusiani na mwendo. Chipu ya Famicom ina njia tano za sauti: mbili za mawimbi ya mraba ambazo hubeba wimbo, moja ya pembetatu inayotumika zaidi kwa besi, moja ya mchakacho inayopiga ngoma, na moja ya sampuli zilizorekodiwa. Mawimbi ya mraba huchaguliwa umbo. Wimbi linaloinuka kwa asilimia 50 ya mzunguko husikika pana na tupu, na la asilimia 25 husikika jembamba na lenye ukali. Katika chipu nyingi za kuiga maumbo hayo mawili yamebadilishana nafasi. Wimbo ni uleule, noti ni zilezile, ila palipotakiwa sauti pana inasikika nyembamba, na palipotakiwa nyembamba inasikika pana. Mtu aliyekulia kwenye mashine hizo akisikia rekodi ya Japani huiona kuwa ndiyo iliyokosewa.

Maoni yangu ni kwamba rekodi ya mashine ya kuiga ihifadhiwe kama ilivyo, na jina la faili liseme hivyo waziwazi: mashine ya kuiga, PAL, picha 50 kwa sekunde. Muziki wa mashine ya Japani umeshahifadhiwa na watu wengi duniani. Wa mashine hizi za masoko yetu umehifadhiwa na wachache mno, na ukiunyoosha ufanane na ule mwingine utakuwa umeongeza nakala moja duni ya kitu ambacho tayari kipo.

Baadhi ya ala zimepotea

Mfano unaojulikana ni Akumajō Densetsu ya Konami, iliyotoka Japani mwaka 1989. Kaseti yake ina chipu ya VRC6 inayoongeza njia tatu, mbili za mraba na moja ya msumeno, na ndizo zinazoupa muziki huo unene wake. Gemu hiyo ilipouzwa Marekani mwaka 1990 kwa jina la Castlevania III, muziki ulipangwa upya bila njia hizo, kwa kuwa mashine ya Marekani, yenye kaseti za pini 72, haikuwa na njia ya kurudisha sauti kutoka kwenye kaseti. Kwa hiyo ukisikia muziki uliokonda, jiulize kwanza unasikiliza toleo la nchi gani. Kisha angalia kama mashine yako ni miongoni mwa zile za kuiga ambazo sauti huunganishwa ndani kwa ndani bila kupita kwenye kaseti. Hizo hazitoi sauti ya ziada hata kaseti ikiwa halisi na safi. Ikiwa unacheza faili ya NSF, ambayo hubeba sehemu ya muziki tu ya programu ya gemu, jaribu programu nyingine ya kuichezesha kabla ya kuilaumu, maana zipo za zamani zisizozijua chipu hizo.

Kuna mngurumo, au sauti inapasuka

Mngurumo wa chini usiobadilika, hata gemu ikiwa imesimama, mara nyingi hutoka kwenye umeme wa hezi 50. Chomoa chaja ya kompyuta mpakato na urekodi kwa betri. Mngurumo ukitoweka, ulikuwa ukipita kwenye chaja, na kila kikao cha kurekodi kifanyike kwa betri. Ukibaki, badilisha adapta ya mashine, kisha mpelekee fundi aangalie kapasita za umeme ndani yake. Za umri huo huwa zimechoka. Kigoma iliishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta ya mafuta, na si ajabu kukuta mashine iliyonusurika kukatika na kurudi kwa umeme kwa namna hiyo ikiwa na kapasita zilizovimba kichwani.

Sauti inayopasuka kwenye sehemu za juu chanzo chake ni kingine: umechomeka mashine kwenye tundu la maikrofoni. Tundu hilo limetengenezwa kwa sauti ndogo sana na huikuza, kwa hiyo sauti ya mashine hufika ikiwa imezidi. Kupunguza kiwango ndani ya programu baada ya kurekodi hakusaidii, kwa sababu vilele vimeshakatwa. Tumia kifaa cha sauti cha USB chenye tundu la laini (line in). Vile vya bei rahisi vyenye tundu la maikrofoni pekee havifai. Hakikisha kilele kwenye kioo cha programu kinabaki chini ya mstari wa juu kabisa.

Gemu ya diski inacheza lakini muziki hakuna

Diski za PlayStation hubeba muziki kwa njia zaidi ya moja, na nakala mbovu huua baadhi na kuziacha nyingine. Gemu kadhaa huweka muziki kama nyimbo za kawaida za CD baada ya wimbo wa kwanza wenye data. Ukiziweka diski hizo kwenye redio ya CD utasikia muziki kuanzia wimbo wa pili. Mtu akinakili diski ya namna hiyo kama faili ya ISO, hupata data peke yake na nyimbo zote hubaki nyuma. Nyingine huficha muziki ndani ya data kwa mfumo wa XA, ambao kila kipande chake kina nafasi ya baiti 2,324 kwa ajili ya sauti. ISO huchukua baiti 2,048 tu kwa kila kipande, hivyo sauti hiyo hukatwa mkia na kugeuka mchakacho au ukimya.

Tiba ni kunakili upya kwa muundo wa BIN na CUE, unaobeba baiti zote 2,352 za kila kipande pamoja na orodha ya nyimbo. Faili la CUE ni maandishi machache tu, na ndani yake limetajwa jina la BIN. Ukibadilisha jina la BIN bila kufungua CUE na kubadilisha humo pia, muziki au gemu yote haitapatikana, na wengi hudhani diski imekufa. Ikiwa diski yenyewe ilikuwa nakala iliyopunguzwa kabla hujaipata, hakuna cha kurejesha; andika hivyo kwenye maelezo na uitafute nyingine. Diski za kuandikwa nyumbani hazipendi jua. Rangi iliyo ndani yake hufifia, na chumba cha bati bila dari wakati wa joto la Septemba na Oktoba Tabora ni mahali pabaya sana pa kuziweka.

Matatizo ya faili yanayotisha bure

Faili ya NSF inayocheza wimbo mmoja tu haijaharibika. Faili moja hubeba muziki wote wa gemu, na lazima programu iwe na kitufe cha kusogea kwenye wimbo mdogo unaofuata. Vivyo hivyo, wimbo unaofifia na kukatika baada ya dakika mbili na nusu kwa kawaida umekatwa na programu. Muziki wa aina hii hujirudia bila mwisho, faili haisemi uishe lini, na programu hulazimika kukisia. Majina yaliyogeuka alama za kuuliza au herufi za ajabu yaliandikwa Kijapani kwa mfumo wa zamani wa herufi uitwao Shift-JIS, kwa hiyo fungua kifurushi upya kwa programu inayokuruhusu kuchagua mfumo huo, na usiyaandike upya kwa kubahatisha.

Linalotisha kweli ni flashi. Ukiona majina ya faili yote yapo lakini zile zilizonakiliwa mwishoni hazifunguki, huenda umeuziwa flashi ya gigabaiti 8 iliyodanganywa kujitaja kuwa ni ya 64. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huijaza flashi yote na kuisoma tena, na hutoa jibu lisilo na shaka. Ipime siku unayoinunua, kabla haijabeba kitu.

Kaseti za muziki: sauti imefifia, inayumba, au ukanda una unga

Nimeziweka hapa kwa sababu humo sandukuni zinalala pamoja, na kwa Tabora, mji wa Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, kaseti iliyorekodiwa redioni inaweza kuwa na thamani kuliko gemu zote zilizo juu yake. Sauti ikiwa kama imefunikwa blanketi, safisha kwanza hedi ya deki kwa isopropili. Isipong'aa, hedi haijalingana na pembe iliyotumika siku ya kurekodi: kuna skurubu ndogo kando ya hedi ambayo huzungushwa taratibu kwa bisibisi huku kaseti ikicheza, mpaka sauti za juu, kama vile za matoazi na herufi s za mwimbaji, zisikike wazi. Fanya hivyo kwa kila kaseti, kwani kila deki iliyorekodi ilikuwa na pembe yake. Sauti inayoyumba hutokana zaidi na mpira wa deki uliolegea kuliko na ukanda.

Unga mweupe kwenye kingo za ukanda uliojikunja ni ukungu, na Kigoma huonekana sana baada ya mvua za Novemba hadi Aprili. Kaseti hiyo isiingie kwenye deki, kwa kuwa itaambukiza nyingine zote zitakazofuata, na usiianike juani. Itenge kwenye mfuko, iache ikauke mahali pakavu penye hewa na kivuli, kisha unga usafishwe nje ya nyumba ukiwa umefunika pua na mdomo.

Alama ya uhakiki hailingani na orodha

Nakala ya kaseti ya gemu hulinganishwa na orodha za nakala zilizothibitishwa za No-Intro, na ya diski na za Redump, kwa kutumia alama ya hesabu inayotolewa na faili nzima. Alama ikikataa, nakili kaseti ileile mara ya pili baada ya kusafisha pini. Nakala mbili zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe, mguso bado ni mbaya. Zikilingana, angalia kama faili yako ina kichwa cha baiti 16 mwanzoni kinachoanza na herufi NES. Kichwa hicho huongezwa na programu, na alama inayohesabiwa pamoja nacho haiwezi kulingana na ile iliyohesabiwa bila chenyewe.

Ikiwa hata baada ya hapo haifanani na chochote, basi una gemu iliyochezewa kiwandani, kama zilivyo nyingi kwenye kaseti zinazodai kubeba maelfu ya gemu, zenye majina yaliyobadilishwa na pengine muziki uliobadilishwa pia. Usiifute na kuweka mahali pake faili safi kutoka mtandaoni. Ipe jina lile lile linaloonekana kwenye skrini hata kama limekosewa herufi, piga picha ya lebo na ya bodi ya ndani pande zote mbili, na uandike ilinunuliwa au ilipatikana soko gani.